Kyabu Mwenye Kukimbilia Sauti ya Chuma

Nimetembea mingi. Nimelala Bukama, nimelala Luena, nimelala Kabongo na fasi ingine yenye jina nimesahau. Na kila fasi, nikisema nilikaaka Kamina mu kampi ya reli, hakukosi muntu ya kuniuliza: ule kipofu mwenye kukimbia, ulimujua? Ninajibu ndiyo, nilimujua. Minyi njo nilikuwa ninamupigia chuma. Basi ninaandika hapa mambo yake gisi ilikuwa, juu bantu banaongeza mingi. Banasema alikuwa anaona na masikio, banasema alipewa dawa ya mugini. Hakukuwa dawa. Kulikuwa muntu mwenye kuchoka, mwenye bibi na batoto babili banamuke, na nyumba yenye haikuwa yake.

Jina yake Wenceslas Kyabu. Baba yake alitoka ngambo ya Kabongo, akakuja Kamina wakati banajenga njia ya reli, akakufa mu ile kazi, ugonjwa ya tumbo. Kyabu akakomea mu kampi sawa batoto bengi ya kampi: leo anakula kwa huyu, kesho analala kwa ule. Alipofika miaka kumi na saba bakamuandika ku ekipi ya kutengeneza njia, na kazi yake ilikuwa bendera.

Mwenye hajue ile kazi, nimuelezee. Bantu bakifungua reli kwa kubadilisha miti ya chini, treni inaweza kutokea. Basi mumoja anakimbia mbele na bendera nyekundu, mbali kabisa, paka fasi mashinisti atamuona na kupata njia ya kusimamisha mashini. Akichelewa, benzake banakufa. Kapita, mukubwa ya ekipi, hakumuchagua Kyabu juu ya akili, alimuchagua juu ya miguu. Miaka tano alikimbia na ile bendera, na mu ekipi yake hakukufa muntu ata mumoja.

Mwaka makumi ine na moja, wakati ya Babelgi, bakatangaza mukubwa fulani atapita mu treni. Bakasema stasio ipakwe chokaa, na majiwe ya pembeni ya njia nayo ipakwe. Chokaa ilikuwa mu pipa, bado iko na moto yake, na muntu mumoja akamwanga maji yote mara moja. Chokaa ikaruka. Kyabu alikuwa ameinama juu ya pipa. Kisha siku tatu ule mukubwa alipita. Treni haikusimama.

Alikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Ndaya, bibi yake, alikuwa na mimba ya Delphine.

Nyumba ya kampi ni ya mufanyakazi. Muntu akitoka ku kazi, anatoka na mu nyumba. Ile sheria kila muntu aliijua, na Ndaya alianza kufunga bintu mbele hata habajamuambia. Lakini shefu ya kampi ya wakati ule, Musie Gaston, alikuwa muzungu ya kuchekacheka, hakupenda kufukuza bantu. Akamupatia Kyabu kazi ya kusuka biti ya bazungu na bitunga ya makala. Juu ya nyumba akasema: tutaona. Ile "tutaona" yake ikafanya miaka tano.

Kazi yangu minyi ilikuwa mataa. Kusafisha mataa ya stasio, kutia petrole, na asubui kupiga chuma ya kampi kwa kuamusha bantu. Chuma yenyewe ilikuwa kipande ya reli yenye kutundikwa ku muti. Siku ya mungu moja, mwaka makumi ine na sita, waya yake ilikatika, nikaenda kuitundika fasi ingine, kule mwisho ya kiwanja ya balon, ya kuchezea mupira. Nikaanza kuipiga kwa kusikia kama sauti inafika. Vijana ya atelie, kule banatengenezaka mashini, balikuwa banashindana mbio pale pale, na Kyabu alikuwa mwisho ingine ya kiwanja, amekaa chini na kiti ya muzungu mu magoti yake, anasuka.

— Yaya Jean, akaniita kutoka kule, sawa muntu anaita kaka yake mukubwa, usiache kupiga.

— Juu ya nini?

— Piga tu, yaya.

Nikapiga. Akaweka kiti pembeni, akavua sapato, akakuja. Minyi nilizani ni mbuzi imekatika kamba. Kijana ya mbele alisikia miguu nyuma yake, akageuka kuangalia, na kugeuka tu akapitwa. Kyabu alikuja moja kwa moja sawa muntu anavutwa na kamba, akafika, akapiga kifua ku muti ya chuma, akaanguka chali. Tukakimbia kumuinua. Alikuwa anacheka. Tangu chokaa sikukuwa nimesikia kicheko yake.

— Kazi ya kukimbia ninaijua, akasema. Ni kusimama njo sijue.

Musie Gaston alikuwa kwenye baraza yake, aliona yote. Tarehe makumi mbili na moja ya mwezi ya saba, ile fete, sikukuu ya Babelgi, akamutia Kyabu mu mbio ya metre mia moja pamoja na bantu benye macho. Tukatengeneza gisi ya kumukamata: nyuma ya musitari ya mwisho bantu bane banashika bashi, ile turubai ya kufunikia mizigo ya vagon, banaitandika sawa nyavu. Minyi ninasimama nyuma ya bashi na chuma. Yeye anakimbilia chuma, anaanguka mu bashi. Mupango yote ilikuwa ile.

Alishinda. Kampi ikapata balon mupya na kikopo ya mukono mbili. Musie Gaston akanywa bière, akamushika Kyabu ku bega mbele ya bantu yote, akasema: Wakati yote huyu anatukimbilia, nyumba ni yake.

Bantu bakapiga mikono. Ndaya akalia ya furaha. Hakuna mwenye alifikiri siku ile kama muntu hakimbie paka mwisho.

Akakimbia miaka nane. Musie Gaston alianza kumutembeza. Bukama, Luena, mara moja mbali kabisa upande ya kusini. Anatoka mu treni, anakimbia, anarudia mu treni. Minyi na chuma yangu pembeni yake, mu vagon ya mizigo. Kule Luena bakamufunga kitambaa ku macho, juu bantu baone kama hadanganye. Kipofu kufungwa macho. Alikubali, akashinda. Kule Bukama mashini moja ilipiga honi katikati ya mbio, akapoteza chuma, akaingia mu bibi ya bazungu benye kukaa mu biti. Bakacheka siku nzima. Kurudia, mu vagon, aliniuliza ilikuwa biti ya namna gani. Nikamuelezea. Akasema: Ile nilisuka minyi.

Kufika miaka makumi tatu, goti ya kuume ikaanza. Kila mwezi ya tano, wakati ya kuanza mazoezi, Ndaya alikuwa anamupakaa mafuta ya ngazi, mawese, asubui na jioni. Ndaya alikuwa na kinywa.

— Baba Delphine, leo tena unakimbia?

— Ninakimbia.

— Kimbia pole. Ile goti inakula mafuta kupita batoto.

— Basi uipe na bukari ya kula.

— Ningeipa, ingekuwa inanisaidia kuchota maji.

Lakini akimaliza kucheka alikuwa anabaki na mikono juu ya ile goti. Sababu yote ilikuwa nyumba. Mu nyumba ya kampi kulikuwa robine ya maji karibu, kulikuwa dispansere ya kupewa dawa, na kupita yote kulikuwa masomo ya masere, bamasista, yenye kupokea batoto ya kampi tu. Delphine alikuwa anasoma muzuri. Mathilde, mudogo, alikuwa ameanza. Jioni Delphine alikuwa anamusomea baba yake kitabu kwa sauti, na Kyabu, akisikia neno ya kifaransa yenye hajue, alikuwa anasema "rudia", si juu ya kujua, ni juu ya kuisikia tena.

Sasa lazima niseme jambo ya mama-mukwe, juu bila ile hautaelewa. Kwetu Baluba, mwanaume haonane na mama ya bibi yake. Haiko chuki, ni heshima. Akimuona anakuja mu njia, anatoka mu njia, anageuza mugongo, anachutama, anangojea apite. Hataje jina yake, hale mbele yake. Mutoto mudogo anajua ile. Lakini kipofu atamuonea wapi mama-mukwe kusudi amuepuke? Mwaka ya kwanza kisha chokaa, Kyabu alimugonga ku mulango, kifua kwa kifua. Mama alilia siku mbili. Kyabu alikaa siku mbili bila kula.

Ule mama tulikuwa tunamuita Ina Ndaya, ni kusema mama ya Ndaya. Alikuwa anakaa Kinkondja, ku ziwa, anakausha samaki. Ni yeye alitafuta dawa ya ile mambo. Kila akija Kamina, akiwa mu njia anaongea kwa nguvu, ata kama iko peke yake. "Niko napita na maji. Niko napita na kuni. Sasa niko nasimama kupumuzika." Kampi yote ilikuwa inacheka. Lakini Kyabu akisikia ile sauti, pale pale anatoka pembeni, anageuka, anachutama. Ilifanya miaka kumi na mbili vile. Mwisho hakukuwa tena na kufikiri ndani yake. Sauti inaingia, mwili inatoka mu njia.

Mwaka makumi tano na tatu Musie Gaston akarudia kwao Bulaya. Mahali yake akakuja Musie Émile, kijana, mukavu, muntu ya kartasi. Wakati ule balikuwa banaanza kazi ya njia ya Kabongo kwenda Kabalo, bantu banafika kila juma, nyumba haitoshi. Musie Émile akapita nyumba kwa nyumba na karani yake Isaïe, anauliza: hapa nani, anafanya nini. Mwezi ya ine ya mwaka wenye kufuata, bakamuita Kyabu ku bilo ya Musie Émile. Nilimupeleka kwa mukono.

Isaïe alikuwa muntu ya muzuri, lakini akiwa pembeni ya muzungu sauti yake ilikuwa inabadilika.

— Kyabu, Musie anasema hivi. Biti unasuka, ni muzuri. Lakini kusuka biti haiombe nyumba ya matofali. Anasema ameambiwa unakaa mu nyumba juu ya mbio. Njo vile?

— Njo vile, Musie.

— Anauliza: mwaka yenye kupita ulikuwa wa ngapi?

— Wa pili.

Musie Émile akaongea kidogo, bila kuinua kichwa. Isaïe akangojea amalize.

— Anasema, mwaka huu baaskari ya Base, ile kampi kubwa ya baaskari, banakuja ku fete. Ukibashinda, nyumba iko yako, anaiandika mu kitabu, hakuna mwenye atakuuliza tena. Ukishindwa, mashinisti moja iko anangojea.

— Nimesikia.

— Anauliza kama uko na neno.

Kyabu akafikiri.

— Muambie nina miaka makumi tatu na tano.

Isaïe hakutafsiri ile.

Mu njia ya kurudia tulifika ku robine. Pale akaniambia: Yaya, tuanze kesho. Na tukaanza kesho. Asubui mbele ya chuma ya kazi, mu baridi ya mwezi ya tano na ya sita, juu ya majivu ya mashini yenye kumwangwa mu kiwanja. Mara kumi, anapumuzika, mara kumi. Nilikuwa ninasikia goti yake inalia sawa mulango. Siku moja alianguka mu bashi, hakusimama, tukazani ameumia. Alikuwa amelala usingizi. Bantu bane benye kushika bashi bakabaki bamesimama naye vile, habakutaka kumuamusha.

Mu Base kulikuwa kijana moja anaitwa Ézéchias, kaporali, miguu murefu. Bantu balisema hakuna mwenye amemupita tangu alivaa uniforme. Nilienda kumuangalia siku moja kwenye mazoezi yao. Kurudia, Kyabu akauliza:

— Iko namna gani?

— Iko na mbio.

— Kunipita?

— Ungekuwa na miaka makumi mbili na tano, hapana.

— Kumbe ni kumushindania ku kuanza, akasema. Vijana banaanza pole. Banazani siku ni murefu.

Siku tatu mbele ya fete, Ina Ndaya akafika. Alikuwa amesikia nyumba iko mu hatari. Alipanda mashua kutoka Kinkondja paka Bukama, kisha treni, na kitunga mbili ya samaki ya kukauka. Akalala kwangu, sawa kila mara. Hakukuwa ameona ata siku moja gisi mukwe yake anakimbia. Ndaya akamuambia mbele yangu:

— Mama, utakaa nyuma, pamoja na bamama ya upande ya kuanza. Akiondoka, unaona mugongo yake, inatosha.

— Miaka nane ninasikia tu, mama akasema. Mugongo njo sehemu yenye niko nayo tayari. Ananigeuziaka mugongo kila siku.

Tukacheka. Nilicheka na minyi. Hakuna mumoja wetu mwenye alimuambia mama afunge kinywa.

Siku ya fete kiwanja ilijaa. Baaskari balikuja mu makamio na tarumbeta. Bakachora misitari, na chokaa, kila muntu na njia yake. Kyabu alikuwa mu njia ya mwisho, upande ya kushoto, karibu na bantu. Minyi nyuma ya bashi na nyundo. Tulipatana: pole pole mbele ya filimbi, kisha filimbi ninapiga kwa nguvu bila kuacha.

Filimbi ikalia. Kyabu aliondoka vile alisema, mbele ya kila muntu. Kufika nusu ya kiwanja alimuacha Ézéchias hatua mbili. Kisha moja na nusu. Nilikuwa ninamuona uso, amefungua kinywa, kichwa imeinama kidogo upande ya sikio ya kuume, sawa muntu anasikiliza habari. Hatua moja. Metre makumi mbili zilibaki, na minyi niliona wazi kama angefika mbele. Ninasema ile bila kumupendelea. Ézéchias mwenyewe alisema vile.

Ina Ndaya hakubaki nyuma. Bamama balikuwa bametembea pole pole pembeni ya kiwanja kwa kuona muzuri, naye akabafuata, na mwisho akajikuta mu mugongo yangu, nyuma ya bashi, sawasawa mbele ya njia ya Kyabu. Alipomuona anakuja, ule mukwe mwenye hakuona uso yake miaka yote ile, anakuja na mbio juu ya nyumba ya mutoto yake, akajisahau. Akapaza sauti:

— Lubilo, Kyabu, mwana wami, lubilo.

Ni kusema: mbio, mutoto yangu. Aliita na jina yake.

Kyabu akatoka mu njia. Alitoka sawa muntu amesukumwa, akakata musitari ya chokaa, hatua tatu upande ya kushoto, bantu bakamuachia nafasi. Akageuza mugongo. Akachutama, mikono juu ya kichwa, pumuzi inamupandisha mabega. Ézéchias akapita. Bengine bakapita. Bashi ikabaki wazi, na minyi nilikuwa bado ninapiga chuma.

Baaskari ya kutoka mbali bakacheka, bakauliza kama ni tumbo. Baluba habakucheka. Bazee baliangalia chini. Ina Ndaya akafunika uso na kikwembe, akaondoka mbio, akienda anajigonga ku bantu.

Ézéchias alirudia. Alikuwa mutoto ya Kabongo, Muluba, haikuomba kumuelezea. Alienda kwa sarjan yake, kisha kwa Isaïe, bakaenda batatu kwa Musie Émile. Nilisikia Isaïe anaeleza, na Musie anauliza mara mbili: aliogopa mama ya bibi? Lakini mwisho akainua bega, akasema bon, kisha muchezo ya balon bakimbie tena, babili tu.

Nikaenda mbio kwa Kyabu. Alikuwa bado pale pale.

— Simama. Banakupa mara ingine. Ézéchias mwenyewe ameomba.

— Mama iko wapi?

— Amekimbilia kwangu.

— Analia?

— Analia.

Akakaa chini muzuri, akanyoosha ile goti.

— Yaya, nikikimbia nikashinda, bantu batasema: bila ule mama angeshinda mara ya kwanza. Nikishindwa, batasema ni yeye alimukata miguu. Fasi zote mbili inaanguka juu yake. Nikiacha, itakuwa Kyabu amekataa. Itakuwa juu yangu.

— Na nyumba?

— Nimesikia.

— Na masomo ya batoto?

— Yaya, nimesikia.

Kisha akasema pole, sawa muntu anasema jambo ya haya:

— Tena nimechoka.

Ézéchias alikuwa amesimama karibu, amevua kofia.

— Papa, akasema, minyi ninaweza kukimbia pole.

— Ninajua, mwana. Njo sababu sitaki.

Ndaya akafika. Aliangalia bwana yake, akaniangalia minyi, akachutama mbele yake.

— Baba Delphine, unakataa juu ya mama, ao juu ya goti?

— Sijue.

Ndaya akamupangusa vumbi ku goti. Nilizani atalalamika, na alikuwa na haki.

— Bon, akasema. Tuende nyumbani kungali nyumbani.

Bakapewa juma moja. Ile juma Ndaya hakuongea mingi, na mizaha hakufanya. Delphine alirudisha bitabu kwa masere, moja moja, ameifunga mu kikwembe kusudi isipate vumbi. Kyabu alimuita mara mbili jioni amusomee. Mara ya pili Delphine akajibu hakuna tena kitabu, papa. Kyabu akasema ndiyo, alisahau. Hakukuwa amesahau.

Fasi ya kwenda ilikuwa moja tu, Kinkondja. Lakini mukwe atakaaje mu lupango, mu kiwanja ya nyumba ya mama-mukwe? Iko njia ya kumaliza ile haya, bantu banaifanyaka bakiwa bazee sana. Mama analeta kuku na kikwembe, mukwe anarudisha jembe, banakula mu sahani moja, kisha inakwisha. Ina Ndaya aliifanya kwangu, siku mbili mbele ya treni. Alikuwa na haraka, na aliogopa. Jembe ilikuwa ya Ndaya, yenye mupini ya kupasuka. Bakabakalisha uso kwa uso na sahani katikati. Mama alikata bukari, akaitia mu mukono ya Kyabu.

— Kula, mwana.

— Eyo, mama.

— Uko mukondefu.

— Ni kukimbia.

— Basi, akasema mama, akamutia na samaki mu mukono.

Nilibafuata kwa kubaona mwaka makumi tano na saba, wakati nilikuwa nimeacha mataa na kuanza kutembea. Kyabu alikuwa anasuka mitego ya samaki, mikono ilikuwa na kazi. Bantu ya ziwa habakujua kama alikimbiaka. Delphine alikuwa ameolewa na muchuuzi moja mwenye kinga, baisikeli, anapeleka samaki Bukama, na habari ya masomo hakutaka kuongea nayo mbele ya baba yake. Mathilde alirudia mu masomo ya mission. Ndaya alikuwa amenenepa kidogo, kinywa yake ilikuwa imerudia. Ndaya njo aliniambia kama mwaka ya kwanza yote, kila mama akiongea nyuma ya Kyabu, Kyabu anaruka, anageuka, anachutama, na mama anamuvuta shati: "Rudi, rudi, ile tulimaliza."

Jioni tulikaa babili pembeni ya moshi ya samaki. Nilimuuliza kama anakumbuka mbio. Akasema anakumbuka bashi, ile wakati ya kuanguka ndani. Kisha akauliza:

— Nyumba, nani anakaa sasa?

— Mashinisti moja ya Kasai, na batoto sita.

— Anaichunga?

— Amepaka mulango rangi.

Akasuka kidogo, akang'ata kamba, akaikata.

— Mvua ikitoka upande ya atelie, maji inaingia ku chumba ya nyuma, fasi batoto banalala. Ulibaambia?

— Sikubaambia.

— Ukirudia Kamina ubaambie. Baweke sufuria, ao basogeze kitanda.

Nikasema nitabaambia. Paka leo sijarudia.